Fomu inauliza kama kikundi chetu ni cha kifeministi. Tujibu nini?

Shikamoo shangazi,

Mimi ni katibu wa kikundi cha wanawake wakulima wa mwani huku Mkinga, Tanga. Tuko 22, tuna katiba, tumesajiliwa halmashauri na kila Jumamosi tunakutana kuweka hisa na kukopeshana. Tumepata fomu ya kuomba ruzuku ya mashua moja na kamba. Maswali mengi tumeyaweza, ila la sita limetukwamisha: "Je, kikundi chenu ni cha kifeministi? Eleza kwa maneno yasiyozidi 150."

Nilipolisoma kikaoni zikazuka kelele. Mwenyekiti alisema tuandike ndiyo, pesa ipatikane, nani atakuja kutuhoji? Mweka hazina wetu, mama mtu mzima, alisema yeye ni Muislamu na ni mke wa mtu, jina hilo hataki liandikwe karibu na lake. Mabinti wawili waliomaliza kidato cha nne wakamjibu kwamba feministi ni mtu anayedai haki sawa, basi. Mwingine akasema hapana, feministi ni mwanamke asiyetaka kuolewa. Tukaahirisha kabla watu hawajaanza kusutana.

Shangazi, mimi mwenyewe jina hilo nimeshabandikwa nyumbani. Tangu nichaguliwe kuwa katibu, mume wangu akiwa na wageni husema, "Huyu wangu siku hizi feministi, msimguse," nao wanacheka. Si mtu wa kupiga, wala pesa yangu ya mwani haigusi. Lakini neno lile linanichoma, na sijui nimjibu nini kwa kuwa sijui kama ananitukana au ananisifu.

Naomba kujua feministi hasa ni nani. Kikundi cha wanawake watupu si tayari ni cha kifeministi? Na mwanaume anaweza kuwa feministi? Tuandike nini bila kusema uongo na bila kuvunja kikundi? Fomu inatakiwa baada ya wiki tatu.

Katibu, Mkinga

*

Marahaba mwanangu.

Nianze na mwenyekiti, maana ushauri wake ndio unaoweza kuwaponza upesi. Mfuko unaouliza swali kama hilo mara nyingi hutuma mtu kutembelea kikundi kabla ya kutoa pesa, na huyo mtu hakai na viongozi peke yao. Atashuka ufukweni maji yakitoka, atachuchumaa na wanaofunga mbegu kwenye kamba, atauliza. Mweka hazina akimwambia "hilo neno mimi silijui na silitaki", ukurasa mzima utatiliwa shaka, pamoja na yale mliyoandika kweli. Kwa hiyo msiandike ndiyo wala hapana mpaka kikao kikae upya.

Sasa maana. Feministi ni mtu anayeshika mambo matatu kwa pamoja. La kwanza, kwamba mwanamke na mwanaume wana utu na haki sawa. La pili, kwamba usawa huo bado haupo, na haupo kwa sababu ya mipango ya watu: sheria, mila, malezi, mgawanyo wa kazi na mali. Si kwa sababu ya maumbile, wala si kwa sababu wanawake ni wavivu au hawapendani. La tatu, kwamba kilichopangwa na watu kinaweza kupangwa upya, na yeye anashiriki kukipanga.

Mabinti wenu wamelishika la kwanza tu. Hilo la kwanza karibu kila mtu atalikubali. Katiba ya nchi yetu, ibara ya 12, inasema binadamu wote huzaliwa huru na wote ni sawa, na hata wale wageni wanaocheka sebuleni kwako ukiwasomea wataitikia. Ukiishia hapo, neno halimtofautishi mtu na mwingine. Watu huachana njia kwenye la pili: kwa nini mambo yako hivi?

Chukua mwani wenyewe. Kilimo chake cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, kikavuka kuja pwani ya bara, na wakulima walio wengi ni wanawake. Mnajua mnalima aina mbili, spinosamu na kotonii, na kotonii ndiyo yenye bei. Mnajua pia kwamba maji ya kina kifupi yakipata joto kotonii inaumwa: matawi yanakuwa meupe, yanalainika, yanakatika na kwenda na mkondo. Dawa yake ni kuisogeza kwenye kina, ambako maji hayachemki. Huko kunataka mashua na kunataka mtu anayejua kuogelea. Mashua ni za nani kijijini kwenu? Utotoni nani aliachwa ajifunze kuogelea, na nani aliitwa nyumbani kuosha vyombo?

Mtu anayesema "wanawake wanabaki na spinosamu kwa kuwa ni kazi nyepesi inayowafaa" anaamini mambo yako hivyo kwa maumbile. Anayesema ni kwa sababu ya umiliki wa mashua na malezi ya wasichana ameshika jambo la pili. Akiomba mashua iandikwe kwa jina la kikundi na mafunzo ya kuogelea kwa wanachama, ameingia la tatu. Ninyi mashua mmeshaiomba. Ndiyo maana nadhani swali la sita si geni kwenu kama mnavyolidhania, isipokuwa jina lake.

Lakini kuwa wanawake watupu hakutoshi. Kikundi cha akina mama wanaochangiana sahani na vitenge vya harusi ni kizuri, kinasitiri watu, ila si cha kifeministi, kwa kuwa hakidai mpango wowote ubadilike. Vivyo hivyo mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mnaupata kwa kuwa kikundi cha wanawake kilichosajiliwa, na hakuna anayewauliza msimamo. Kwa upande mwingine, chama chenye wanaume na wanawake kinaweza kabisa kuwa cha kifeministi, kikipangwa kwa mambo yale matatu.

Mwanaume pia anaweza. Kipimo ni kilekile. Wapo mafeministi wanaopenda kumwita mshirika tu, wakihofia asije akakalia kiti cha mbele kwenye jambo ambalo halimuumi. Wengine hawaoni shida. Mimi humtazama mwanaume kwenye kitu kimoja: yuko tayari kuachia nini? Anayesema wanawake wapewe haki zao, halafu kwenye kikundi cha usimamizi wa rasilimali za bahari, BMU, hataki mwanamke awe mwenyekiti, huyo ana maneno mazuri tu.

Yapo na maneno jirani ambayo watu huyachanganya na hili. Mwanaharakati ni mtu wa kupigania jambo lolote, liwe misitu au bei ya korosho. Mtetezi wa haki za wanawake ni anayesimama na mwanamke aliyedhulumiwa, na anaweza kuifanya kazi hiyo kwa huruma au kwa taaluma ya sheria bila kuwa na neno lolote juu ya mpango mzima, yaani mfumo dume. Mwanamke mkali, mwanamke tajiri, mwanamke asiyeolewa: hakuna hata mmoja ambaye kwa hayo peke yake ni feministi. Na waliotangulia tuwaache na majina yao. Bibi Titi Mohamed aliongoza wanawake wa TANU kuanzia 1955 na akawa mwenyekiti wa kwanza wa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika mwaka 1962. Eleza alichofanya, usimbatize jina usilo na hakika kama alijiita.

Mweka hazina wenu ndiye ningependa mumsikilize zaidi, na si kwa sababu ya umri tu. Ametaja dini na ndoa, na kila kimoja kina jibu lake. Kwenye ndoa ni rahisi: katika yale matatu hamna kuolewa wala kutoolewa, na mafeministi wenye waume na wajukuu wamejaa. Aliyesema feministi ni asiyetaka mume amelibeba neno kama alivyolikuta kwenye kejeli.

Kwenye dini nendeni taratibu. Huyo mama anajua tayari kwamba mahari ni ya bi harusi mwenyewe na kwamba mali ya mke haichanganywi na ya mume, amelelewa hivyo. Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo inasema ndoa peke yake haihamishi mali ya mmoja kwenda kwa mwenzake. Wapo wanawake wa Kiislamu waliolichukua jina la feministi na kuzijenga hoja zao juu ya Qur'ani yenyewe. Mtandao wao mmoja mkubwa, Musawah, ulizinduliwa Kuala Lumpur mwaka 2009. Wapo pia Waislamu wanaofanya kazi hiyohiyo na jina hawalitaki, wakisema limekuja na mizigo ya Ulaya.

Wala hawako peke yao. Mwandishi Mmarekani mweusi Alice Walker alieneza neno lake mwenyewe, womanism, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wasomi wa Nigeria wakatunga mengine kadhaa kwa kuwa la feministi liliwabana. Kisha mwezi Novemba 2006 wanawake wa Afrika walikutana Accra, wakapitisha mkataba unaosema waziwazi kwamba wao ni mafeministi, bila "lakini" wala "ila". Kwa hiyo kulikubali si kuiga Wazungu, na kulikataa si ushamba. Mwambieni hivyo mbele ya wale mabinti, wasikie wote.

Ama mumeo. Neno analokutupia lilianza kama dhihaka tangu huko lilikotoka. Ufaransa mwaka 1871 lilitumika katika tasnifu ya udaktari kuhusu wanaume wagonjwa wa kifua kikuu ambao miili yao ilionekana ya kike. Mwaka uliofuata mwandishi mmoja akawakejelia watu waliotetea wanawake. Mwaka 1882 Hubertine Auclert, aliyekuwa akidai wanawake wapige kura, akaliokota akajiita mwenyewe. Huku kwetu tulikuwa na letu. Baada ya mkutano wa wanawake wa Umoja wa Mataifa uliofanyika China mwezi Septemba 1995, ambao katibu mkuu wake alikuwa Mtanzania, Gertrude Mongella, mwanamke akifungua mdomo aliambiwa "usituletee Beijing". Kejeli ya mumeo ni mdogo wake huyo.

Nadhani hakutukani wala hakusifu. Mkewe amepata cheo, watu wanamuuliza habari zake, naye anawahi kucheka kabla hajachekwa. Usimjibu mbele ya wageni, wala usicheke nao. Subiri mbaki wawili, mmeshakula, kisha muulize: "Baba fulani, ukiniita feministi mbele ya watu, unasemea lipi nililofanya?" Halafu nyamaza. Usimpe wewe jibu. Atakachotaja ndicho mtakachozungumza: pengine Jumamosi unachelewa, pengine sanduku la kikundi linalala kwenu naye ana wasiwasi na wezi. Hayo yana ufumbuzi, na jina litabaki pembeni. Asipokuwa na la kutaja, mwambie kicheko hicho kinakuumiza na ungependa kiishe. Huna haja ya kumwapia kwamba wewe si feministi. Ukianza kujitetea hivyo, kila utakalodai kesho itabidi kwanza ulitakase na jina hilo.

Ikiwa siku moja mzaha utageuka amri ya kuacha kikundi, au mkono kuinuliwa, hapo ni habari nyingine. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa kinasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzake katika ndoa, na kituo cha polisi chenye dawati la jinsia na watoto ndicho cha kuendea. Kwa ulivyoeleza, hamjafika huko.

Kikao chenyewe kiendesheni hivi. Kitengeeni saa moja na nusu, siku ambayo hakuna mikopo ya kugawa, maana pesa ikiwa mezani watu hawasikilizi kingine. Saa nzima ya kwanza msilitaje neno feministi. Chora mstari mchangani, uugawe kwa hatua za kazi yenu: kufunga mbegu, kutega kamba, kupalilia, kuvuna, kuanika, kupima kwenye mizani, kupatana bei na wakala, kupokea pesa, kumiliki mashua, kukaa kwenye kamati za kijiji. Kila mwanachama apewe kokoto na vipande vya magamba. Kwenye kila hatua aweke kokoto ikiwa kijijini hufanywa na wanawake, gamba ikiwa ni wanaume. Msisaidiane kujibu.

Mkimaliza, simameni mtazame. Natarajia kokoto zitajaa upande wa kamba na kuanika, na magamba yataanzia kwenye mizani kuendelea. Uliza swali moja: kwa nini pale zinapobadilika? Andika kila jibu kama lilivyosemwa, na hata "Mungu alipanga" liandike. Kisha: lipi kati ya haya tunataka libadilike, na tumeshafanya nini? Hapo ndipo yatatoka mambo ambayo mlikuwa hamyahesabu, tuseme siku mliyokataa mizani ya wakala.

Nusu saa ya mwisho ndipo msome yale mambo matatu na swali la fomu. Njia ziko tatu. Kuandika ndiyo, kuandika hapana, au kueleza mnachofanya na kusema jina lenyewe wanachama hawajakubaliana. Pigeni kura ya siri. Kwa "ndiyo" msiridhike na kura 12 kwa 10. Jina linalobebwa na watu wote linataka walau theluthi mbili, na kwa 22 hiyo ni 15. Waliokataa waandikwe kwenye muhtasari kwamba walikataa, bila majina kama hawataki.

Mara nyingi vikundi vya namna yenu huangukia njia ya tatu, nayo ni nzuri mno kuliko watu wanavyofikiri. Jibu lake linaweza kuwa hivi:

"Sisi ni wanawake 22 wakulima wa mwani. Tunaamini kwamba wanawake wa kijiji chetu wanapata kidogo kwa sababu mashua, mizani na maamuzi viko mikononi mwa wanaume, na kwamba hali hii imewekwa na watu, inaweza kubadilishwa. Tunaomba mashua iliyosajiliwa kwa jina la kikundi, na tutafundishana kuogelea na kuiendesha ili tulime kotonii kwenye kina. Tunataka pia wanachama wagombee BMU na baraza la ardhi la kijiji. Wengine wetu hujiita mafeministi. Wengine kwa sababu za dini na familia hawalitumii jina hilo, ila wanaifanya kazi hii pamoja nasi. Tumelijadili kikaoni na muhtasari upo."

Hayo hayafiki maneno 100. Mna nafasi ya kuongeza jambo moja mlilokwisha kufanya, na tarehe yake. La baraza la ardhi nimelitia makusudi: kwa sheria lina wajumbe saba, na wasiopungua watatu lazima wawe wanawake. Muulize mtendaji wa kijiji kama viti hivyo vimejaa. Uwanja wenu wa kuanikia mwani siku moja utafika mbele ya baraza hilo.

Msinakili sentensi kutoka intaneti. Wasomaji wa fomu hukutana na "kubomoa mifumo kandamizi" mara kumi kwa siku, na hakuna mama wa Mkinga anayesema hivyo. Kuhusu tahajia, utakuta feministi na mafeministi, utakuta mfeministi na wafeministi; vitabu vya nadharia ya fasihi navyo vina ufeministi. Chagueni moja, mlitumie fomu nzima.

Tena kabla ya kutuma, fungua katiba yenu na karatasi za benki. Nani wanatia saini? Vikundi vingi vya akina mama vina mume wa mwenyekiti au mjomba msomi miongoni mwa watia saini, aliwekwa zamani ili "kusaidia". Mkaguzi akiona hilo, jibu la swali la sita limekufa hata kama kura za ndiyo zilikuwa 22 kati ya 22. Kama yupo, mbadilisheni kwa kikao halali: muhtasari wenye saini za wajumbe, barua ya kikundi kwenda benki, vitambulisho vya watia saini wapya, na kama benki itataka, barua ya afisa maendeleo ya jamii wa kata. Jambo hilo huchukua siku kadhaa, kwa hiyo lianzeni wiki hii, kabla ya kile kikao cha kokoto. Wiki ya tatu mbaki na kazi moja, kumsomea mweka hazina fomu yote kwa sauti, naye akikwama mahali, parekebisheni hapohapo kabla hajatia saini.